Ufunguo Hautumwi

Elia mwanangu,

Juzi, ulipokuwa umepiga goti juu ya sanduku ili kifuniko kikubali kufunga, uliniuliza bila kunitazama, "Mama, nikimkuta mjomba nimwambie nini?" Nikakujibu, "Mwambie shikamoo." Ukacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kuzoea kwamba habari hiyo ni chumba kisichoingiwa, ukaendelea na kamba zako. Mimi nikaenda jikoni nikasonga ugali kwa hasira mpaka mwiko ukakatika. Ukala ugali ule wenye mabonge, wala hukuuliza tena.

Leo nataka kukujibu. Umekwenda kuwaaga wazee wa upande wa marehemu baba yako, na ninavyowajua hawatakuachia kabla hujanywa togwa ya kila nyumba. Nimefukuza kuku, nimefunga mlango, na jua bado liko juu.

Mambo ya kula, kufua na kuamka mapema sitayaandika. Kama miaka yote hii hayakukuingia, karatasi haitayaingiza. Nitakuandikia habari ya ufunguo. Ukishuka kwenye treni pale Itigi, yule tajiri wa duka atakutazama juu mpaka chini, ataisoma leseni yako kama anayetafuta kosa, halafu ataweka mkononi mwako ufunguo wa lori lake. Utafikiri amekupa kipande cha shaba. Mimi pia nilifikiri hivyo.

Habari ya lori la chama chetu cha ushirika unaijua. Ulikuwa mdogo, lakini nani Iramba haijui? Shida ni kwamba umeisikia kwangu, na mimi husimulia nikiwa nimesimama, mkono mmoja hewani, kama niko mkutanoni. Kuna sehemu ninazozipita mbio. Leo nitazipita kwa miguu.

Lori lile tulilinunua likiwa limekwisha kutumika, kutoka kwenye mgodi uliofungwa, wakati wakulima wetu walipochoka kuuziwa karanga zao na mtu ambaye sifa yake pekee ni kuwa na gari. Mzee Gunda, mwenyekiti wetu, alilizunguka akiyapiga matairi kwa fimbo kana kwamba anachagua ng'ombe mnadani. Watu waliimba. Mjomba wako Yona, mdogo wangu wa tumbo moja, ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa na leseni. Alichungulia chini ya usukani, akatoka na swali moja.

"Ufunguo wa pili uko wapi?"

Mzungu wa mgodi alikuwa amekwisha kuondoka. Mzee Gunda akasema, "Yona, hili lina usukani mmoja. Ufunguo wa pili ukafungue nini?"

"Mzee, gari huzaliwa na funguo mbili. Kama wa pili hatunao sisi, yuko mtu anao. Au umelala mahali unangoja mtu."

Tukamcheka. Wewe siku utakayopokea gari la watu, uliza swali hilo, hata wakikucheka. Mimi niliyecheka kwa sauti kuliko wote ndiye ninayekuambia.

Kilichofuata bado kinanitia aibu kwa ajili ya watu wangu. Tulikuwa tumeweza kuchanga pamoja, Wakristo na Waislamu, watu wa mlimani na watu wa bondeni, tukanunua lori. Tukashindwa kukubaliana nani alale na ufunguo. Akae nao mwenyekiti? Atalipeleka kwa wakwe zake. Akae nao dereva? Dereva ana ndugu wengi mno. Kila jina lililotajwa lilizomewa na nusu ya kikao. Nilisimama nikawaambia kwamba Waingereza wanatutawala kwa sababu moja tu, kwamba kila mmoja wetu yuko radhi ufunguo uwe kwa mgeni kuliko uwe kwa jirani yake. Wakanipigia makofi, kisha wakaendelea kuzomeana.

Aliyetukwamua ni jirani yetu Bibi Zaituni, aliyekaa nyuma akichambua mlenda. Akasema bila kuinua kichwa, "Nyie wanaume, kwenu kihenge anafungua nani?"

Unajua desturi. Mwanamume atalima, atavuna, atakijenga kihenge kwa mikono yake mwenyewe, lakini kuteka nafaka ni kazi ya mwenye jiko. Mume anayechungulia kihenge cha mkewe huimbwa kwenye pombe. Basi wakaamua kwamba lori ni kihenge cha chama, na ufunguo wake ukae kwa mwanamke. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu, tena mjane, nisiye na mume wa kunibembeleza usiku nimwazime lori, wakanipa mimi. Niliufunga kwenye pindo la kanga, nikatembea kwenda nyumbani kama niliyefunga humo nchi nzima.

Zaituni akaniambia njiani, "Mwalimu, sasa ukijifunga kanga vibaya, karanga zetu hazifiki Singida."

"Zaituni, mimi najua kufunga hata hoja."

"Hoja sijaitaja. Nimesema kanga."

Asubuhi Yona alikuja kuuchukua, jioni akaja kuurudisha. Mwanzoni nilimwambia asijisumbue, ampe mtu yeyote anayepita njia yetu. Akakataa. "Dada, ufunguo hautumwi. Unampa mtu mkononi, unamtazama, naye anakutazama. Likiharibika jambo, kila mmoja ajue uliishia kwa nani." Nilimwona ana makuu. Lakini hata siku za mvua alikuja mwenyewe, matope mpaka magotini, akasimama hapo mlangoni, akanyoosha mkono, akangoja niache kusoma nimtazame usoni. Mara nyingine nilimngojesha mpaka nimalize ukurasa.

Ufunguo ulinipotea wakati wa kupura uwele. Tulikuwa wanawake wengi uwanjani kwangu, wengine wanapura, wengine wanapepeta, na mimi nabishana na Zaituni juu ya mabinti wanaotolewa shule wakaolewe. Na mimi nikibishana siwezi kushika kanga, mikono inakuwa na kazi nyingine. Jioni pindo lilikuwa tupu.

Hapa ndipo huwa napita mbio. Sikusema. Yona alipokuja nilimwambia kichwa kinauma, gari lipumzike. Kesho yake nikamwambia nasahihisha madaftari, arudi baadaye. Usiku nilipekua nyumba nzima, nikakung'uta hata vitabu, kana kwamba ufunguo ungekwenda kujisomea. Na uwele ulikuwa bado uwanjani, Elia. Ningesema jioni ileile, Zaituni na wenzake wangenicheka mpaka wachoke, kisha tungepepeta upya, tungeuona. Lakini mwanamke aliyewaambia wanaume wa kijiji kizima kwamba hawaaminiki angewezaje kusema "nimepoteza"? Kwa hiyo tuliujaza uwele kihengeni nikiwa kimya, na kimya changu kikaingia humo pamoja nao.

Kitu kikikupotea, kiseme kikiwa bado kiko karibu. Sikufundishi adili hapo, nakupa hesabu ya mahali na wakati. Kila saa unayonyamaza, kitu kinakwenda mbali zaidi, hata kama hakina miguu.

Mwishowe mawingu yalinilazimisha. Magunia yalikuwa yamekwisha kupakiwa, lori liko mnadani, na mvua inakuja. Nilimwambia Yona pembeni. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina majibu tayari. Akasema tu, "Basi hatuna ufunguo. Gari tunalo." Akalala chali chini ya usukani mbele ya Mzee Gunda na watu wote waliokuja mnadani, akavuta nyaya mbili kutoka nyuma ya swichi, akaziunganisha, akakanyaga stata. Lori likanguruma. Watu wakarudi nyuma.

Akatoka akijifuta mikono, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mmeona? Ile swichi ni pazia. Ndiyo maana mimi nikiliegesha mbali natoa hiki." Akawaonyesha kipande cheusi, kidogo kama kidole cha mtoto, kile kinachozunguka ndani ya kifuniko kinachogawa moto kwenye plagi. "Bila hiki, hata Gavana akija na ufunguo wa dhahabu haliwaki."

Wakacheka habari ya Gavana. Lakini niliyaona macho yao, na naamini hata mimi nilikuwa na macho hayohayo. Alikuwa ametuonyesha mahali ambapo mlango wetu haufungi, na sisi tukamwona mtu anayejua kuingia. Tangu siku hiyo, kila alipopita karibu na lori, alitazamwa mikono. Nimesoma vitabu vingi, mwanangu, na nimeona jambo hilo katika kila nchi inayosimuliwa humo. Anayeionyesha nyumba ufa wake ndiye wa kwanza kuulizwa alikuwa anatafuta nini ukutani.

Sasa kuupata ufunguo mwingine. Usoni mwa swichi, kuzunguka tundu, palikuwa na namba, herufi mbili na tarakimu tatu. Mtengenezaji huipiga hapo na kwenye ufunguo pia, ili ukipotea uandike kwa wakala akuchongee mwingine bila kuliona gari. Ni msaada mkubwa, na ni upumbavu mkubwa, kwa sababu kinachomsaidia mwenye gari kinamsaidia kila mwenye macho. Mimi nilichoona wakati ule ni msaada tu. Nikamwandikia wakala Dar es Salaam barua safi, kwa Kiingereza ambacho hata wao wangekitamani. Jibu likaja kwamba kwa ombi la Waafrika inahitajika saini ya Mzungu wa serikali, kuthibitisha kwamba gari ni letu.

Unanijua. Nilitetemeka mpaka miwani ikanitoka. Tulinunua kwa jasho letu, na mtu ambaye hajawahi kutuona anataka Mzungu aje aseme kwamba jasho ni letu! Nikakaa kwenye meza hii hii nikaliandikia gazeti. Nilieleza kila kitu, kwa sababu niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba hoja bila ushahidi ni kelele. Nikasema lori ni la aina gani, linalala wapi, kwamba halina mlinzi, kwamba wakala amekataa kutuchongea ufunguo namba fulani. Namba niliiandika yote.

Waliichapa. Niliisoma kikaoni nimesimama juu ya benchi, na watu wakapiga vigelegele. Bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, aliisoma pia, akaona haya au akaogopa, akatia saini. Tulishinda. Na ninasema mpaka leo, barua ile ilistahili kuandikwa. Palikuwa na mstari mmoja tu ambao haukustahili.

Yona alinifuata baada ya kikao. "Dada, ile namba."

"Namba imefanya nini?"

"Umeisomea nchi nzima."

"Namba ni namba, Yona. Ufunguo ni ufunguo."

"Dada, namba ile ni ufunguo ambao haujachongwa tu."

Nikamwambia kwamba woga wake ndio unaowafanya Waafrika wasiandike magazetini. Ufunguo mpya ulipofika kwa posta, unang'aa, akajaribu mara ya pili, safari hii mbele ya Mzee Gunda. "Tubadilishe kitasa chenyewe. Huu mpya haujaua ule uliopotea. Upo mahali, na bado unafungua."

Mzee Gunda akasema, "Kitasa kizima hakibadilishwi, Yona. Wewe mke wako akipoteza kijiko unanunua chungu kingine?"

Watu wakacheka, na mimi nikaongeza mzaha wangu. Sitauandika. Ulikuwa mzuri, ndiyo maana sitauandika.

Lori likaondoka siku ya mnada, mchana kweupe. Hakuna aliyelisikia likilazimishwa. Liliwaka, likatoka taratibu kama linaendeshwa na mwenyewe, na waliolipungia mkono walikuwa wengi. Yona siku hiyo alikuwa na homa, nyumbani kwake, peke yake. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo langu, umekazwa mafundo mawili.

Jioni ile kikao kilijaa mpaka nje. Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo sijawahi kukusimulia hata kwa kukimbia. Mzee Gunda alisimama akauliza swali rahisi tu. "Ufunguo wa kwanza ulipotelea kwa nani?" Watu wakanigeukia wote. Nikajua kwamba nikikaa kimya kwa pumzi mbili tu nitakuwa nimehukumiwa. Nami sijawahi kukaa kimya pumzi mbili. Nikasimama.

Nilihutubia, Elia. Nimehutubia mikutano mingi tangu hapo, siku hizi wananiita mpaka Singida mjini niwaamshe watu wadai nchi yao, lakini sijawahi kusema vizuri kama jioni ile. Niliuliza ni nani aliyetuonyesha sote kwamba anaweza kuliwasha lori bila ufunguo. Niliuliza ni nani aliyejua kwamba ufunguo wa pili uko kwa mtu, na alijuaje. Niliuliza ni nani aliyekuwa mgonjwa siku hiyohiyo. Kila tahadhari aliyowahi kutupa niliigeuza shahidi dhidi yake. Sikulitaja jina. Halikuhitaji kutajwa. Nilijua kutoka katikati ya hotuba kwamba sisemi kweli, na niliendelea kwa sababu sentensi zilikuwa zinakuja zenyewe, moja nyuma ya nyingine, na watu walikuwa wananitazama tena kama zamani.

Yona alikuwa amefika, amejifunika blanketi, ameegemea mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho. Askari walipomchukua kumpeleka Kiomboi hakupinga.

Lori lilipatikana chini ya mlima Sekenke, limevunjika ekseli, tupu. Kwenye swichi palikuwa na ufunguo. Inspekta alituita bomani, mimi na Mzee Gunda, akamleta na Yona kutoka mahabusu, akauweka mezani. Ulikuwa mpya, kingo zake bado kali, na namba ile imegongwa juu yake. Nami nikatoa wangu kwenye pindo. Zilikuwa funguo mbili pacha. Hata leo sijui kama ulitoka kwa wakala au ulichongwa kwa tupa uani kwa mtu. Ninalojua ni kwamba sisi wenye gari tulitakiwa saini ya Mzungu, na mwizi hakutakiwa saini ya mtu.

Inspekta akauliza, "Nani mwingine aliijua namba hii?"

Nikamtazama Yona. Ilikuwa zamu yake. Angesema neno moja tu. Akatazama dirishani. Ni Mzee Gunda aliyesema, taratibu, kama mtu anayevua kofia, "Bwana, aliijua kila anayesoma gazeti."

Walimfungulia palepale. Nje, kwenye ngazi za boma, nilimshika mkono. Nilikuwa na maneno, unajua mimi huwa nayo. Akautoa mkono wake polepole, bila ukali, akasema, "Dada, ulisema vizuri sana. Nilikuwa karibu kuamini mwenyewe."

Hakuendesha tena. Mwezi haukwisha akawa amehamia Mitundu, huko upande wa Itigi, analima, ana mbuzi wachache. Wewe nilikuambia amefuata malisho. Mwana wa dada kukua bila mjomba wake, kwetu ni kama kukua upande mmoja, na ni mimi niliyekukata upande huo. Kila ulipougua, kila ulipofaulu, palikuwa na mtu aliyepaswa kuwa hapa akakutemea mate ya baraka, na hakuwepo.

Usifikiri sikuomba msamaha. Niliomba kwa namna ninayoijua. Nilisimama kikaoni nikayafuta maneno yangu, kwa hotuba. Nikaandika gazetini, na wakaichapa. Nikamwandikia yeye barua ya kurasa nyingi, nikampa mfanyabiashara wa ng'ombe aipeleke. Jibu lilikuja kwa mdomo wa mtu huyohuyo: "Mwambie dada nimeipata. Ameandika vizuri." Nililia kwa hasira. Nilisema ana moyo mgumu. Nilikwambia hata wewe, ulipokuwa na umri wa kusikia, kwamba wengine wakiombwa msamaha wanataka na zawadi juu yake.

Kisha ukaja mwaka ule wa ukame, tukala kihenge mpaka chini. Uliingia shule asubuhi, nami nikainama na kibuyu nikakwangua uwele wa mwisho, wa miaka ile. Kibuyu kikagonga kitu. Ufunguo ukatoka na vumbi, umefifia, lakini mzima. Nilikaa chini humo kihengeni, mwanamke mzima, kichwa kimefunikwa na giza la nyasi, sijui kwa muda gani. Ulikuwa nyumbani kwangu siku zote. Nililala karibu nao usiku ule nilipotoka kumhutubia ndugu yangu.

Swichi ya zamani ya lori lile ninayo, nilikiomba chama lori lilipouzwa kama chuma. Niliifungua kwa bisibisi kwenye meza hii. Ndani kuna vibamba vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake, vimejipanga kama watoto darasani. Meno ya ufunguo yakiingia huviinua kila kimoja kwa kimo chake, na vikilingana vyote, silinda inazunguka. Basi. Hakuna humo kinachojua wewe ni nani. Ufunguo wa mwenyewe na wa mwizi zinapokewa kwa adabu moja. Hata ufunguo wa gari jingine, ukichakaa vya kutosha, utakubaliwa. Nilichokuwa nakiita usalama wa lori letu kilikuwa ni mtu mmoja anayetembea kwenye matope kila jioni ili anitazame usoni. Hicho ndicho kilikuwa kitasa, nami nilikivunja kwa ulimi.

Kwa hiyo huko Itigi omba ufunguo wa pili siku ya kwanza, mwenye gari auweke kwake. Namba iandike mahali pengine mbali na gari, kisha omba ruhusa uikwangue usoni mwa swichi. Ufunguo usiufiche juu ya tairi, kila mwizi ana mikono na kila tairi liko chini. Ukipotea, sema, na udai kitasa kibadilishwe hata wakikwambia habari za chungu na kijiko. Na usiku utoe kile kidole cheusi ulale nacho. Haya yote ni ya Yona. Mimi nimeyaandika tu.

Sasa swali lako. Wiki iliyopita yule mfanyabiashara wa ng'ombe alipita tena, akaniletea neno kutoka Mitundu: "Nimesikia mwana wa dada anakuja kuendesha lori Itigi. Nitamngoja stesheni." Ulimsikia, ndiyo maana uliniuliza, nawe ulikuwa na haki. Tangu hapo nimeandika barua za kukupa umpelekee. Nilianza nzuri moja, nikafika ukurasa wa tatu, nikaisoma, nikaona imeandikwa vizuri sana. Nikaiweka motoni. Kisha nikafikiri nikufungie ufunguo wa kihengeni kwenye kitambaa, umpe wewe, bila maneno. Nikaushika hapa mkononi, nikaona ninafanya nini. Miaka yote hii namtumia mtu kwa posta, kwa gazeti, kwa wachuuzi wa ng'ombe, na sasa kwa mtoto wangu, kitu ambacho alinifundisha kwamba hakitumwi.

Zaituni atalinda kuku. Nilipomwambia asubuhi akanitazama sana, akasema, "Mwalimu, unakwenda kuhutubia?" Nikamwambia sina hotuba. Akasema, "Basi nenda haraka kabla hujaipata."

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uisome usiku huu. Kesho kwenye basi la Singida usishangae ukinikuta nimekwisha kukaa. Nimejifunga kanga ya safari, na pindoni mna mafundo mawili. Yona ni mdogo wangu, desturi ni yeye kuniamkia. Akiniamkia nitaitikia. Asiponiamkia nitamnyooshea mkono wenye ufunguo, ningoje anitazame, hata kama itabidi nimalize siku nzima pale stesheni kama nilivyokuwa namngojesha mlangoni nimalize ukurasa.

Nasikia mbwa wa jirani wanabweka, na kikohozi chako njiani. Wewe umpe shikamoo tu, mwanangu. Mengine si mzigo wako.

Mama yako